Jina Nililolichukua Kwamsisi

Shamimu na Kibwana, madaftari ni yenu sasa. Nimeyafunga kwa mpira wa tairi. Lile la juu lenye doa la mafuta msilitupe hata mkiona halisomeki, maana doa hilo lina habari yake na nitaifikia. Spika ya mkono ina kasoro kwenye swichi. Ipigeni kofi upande wa kushoto, itaitika. Mimi nimestaafu. Sikupewa barua wala sikufanyiwa sherehe, kwa sababu sikuwa na bosi. Niliamka tu asubuhi moja hapa Korogwe, nikajiona nimetosheka.

Mmeniuliza mtu anayetaka kutunga matangazo awe na sifa gani. Swali zuri sana! Tangu mniulize silali mchana, nalifikiria. Kuna wakati alikuja bwana mmoja kutoka Dar, kavaa koti na jua hili, akatukusanya sisi tunaotunga maneno ya maduka na ya magari ya matangazo, akaandika ubaoni: ubunifu, weledi, shauku. Nikamwuliza shauku ya nini. Akasema shauku tu. Nikatoka nikaenda kunywa chai.

Mimi niliishia darasa la sita Kerenge, maneno ya ubaoni sina. Nina kovu la jiwe juu ya jicho la kushoto, nina habari ya ndoo, nina habari ya mbegu, na nina majina ya watu. Nitawataja. Wapo wanaosema mambo ya zamani yaachwe yapite. Wanaosema hivyo ni wale waliofaidika nayo. Aliyekosa nitamtaja, na mimi mwenyewe nimo.

Nilianza kazi hii nikiwa kuli. Nilikuwa nashusha mabati na saruji kwenye duka la Mzee Jayanti, ambaye yeye na baba yake wote wamezaliwa Korogwe, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu, na hasira zake pia. Alikuwa ameleta ndoo za plastiki zenye mifuniko, nyingi, zimejaa mpaka mlangoni. Akamlipa mtu wa Tanga amwandikie bango: NDOO BORA KWA MATUMIZI YA NYUMBANI. Watu wakawa wanapita. Ndoo ikawa inapigwa jua mpaka rangi inataka kuondoka.

Siku hiyo mama mmoja alisimama, akaishika ndoo, akaiacha. Mimi nimebeba mfuko wa saruji begani. Nikamwambia tu, kwa sababu nilimkumbuka mama yangu akigombana na mbuzi waliomwaga maji yake: "Mama, hii hata mbuzi akiipiga teke, mfuniko haufunguki." Akachukua mbili.

Mzee Jayanti akatoka nyuma ya kaunta.

"Wewe Hemedi. Umemwambia nini yule mama?"

"Shikamoo mzee. Sijamwambia kitu."

"Shikamoo ulishanipa asubuhi. Umemwambia nini?"

"Nimemwambia mbuzi akiipiga teke haifunguki."

Akaigeuza ndoo juu chini. "Ni kweli haifunguki?"

"Sijui, mzee."

"Hujui! Umemwambia mteja wangu kitu usichokijua?"

Jirani yetu alikuwa na bucha, na mbuzi walikuwa wamefungwa pale wakisubiri zamu yao. Mzee Jayanti akaniagiza nikaazime mmoja. Wallahi nilidhani ananitania. Akajaza ndoo maji, akafunga mfuniko, akapaka pumba za mahindi juu yake. Mbuzi kuona pumba, kichwa, kwato, pembe! Ndoo ikaanguka, ikabiringika mpaka mtaroni, mbuzi anaikimbilia, na sisi tunamkimbilia mbuzi. Watu wamejaa barabarani wanacheka mpaka wanashikana. Mfuniko haukufunguka. Ndoo zile zilikwisha kabla ya adhuhuri!

"Sasa liandike," Mzee Jayanti akaniambia, huku anahema.

"Mzee, mwandiko wangu mbaya."

"Mbuzi hana mwandiko kabisa, na kazi ameifanya."

Nikaandika kwa chaki: MBUZI AMESHINDWA KUIFUNGUA. Hilo ndilo tangazo langu la kwanza. Nikiliona leo kwenye daftari la kwanza moyo unanidunda kama siku ile. Nataka mlione na nyie kilichofanyika pale: yule wa Tanga alijua herufi, mimi nilijua maji yanavyomwagika. Ukitaka kazi hii kwanza uwe umewahi kubeba kitu kichwani, au uwe mtu wa kuwasikiliza waliobeba. Halafu Mzee Jayanti akaniongezea la kwake ambalo shuleni sikufundishwa: usikisemee kitu mpaka umekishika na umekijaribu. Kila bidhaa iliyokuja baada ya hapo, kiberiti, jembe, sabuni ya mche, ilipita kwanza kwa mbuzi wake, kwa namna yake.

Mwalimu wangu wa pili hakujua kusoma. Bi Mwanahawa alikaanga maandazi mbele ya duka letu, mwanamke mnene wa maneno machache. Nikimaliza kutunga tangazo namsomea mara moja tu. Anakaanga karai moja zima, anageuza, anaepua, anahudumia watu. Karai likiisha namwuliza: "Mama, nilisema nini?" Alichokikumbuka nakiacha. Alichokisahau nakifuta, hata kama nilikipenda kama mwanangu. Na nilipenda mengi! Siku moja nilitunga tangazo la taa lenye mistari minane, limepangika vizuri, nikamsomea kwa furaha. Karai likaisha.

"Nilisema nini mama?"

"Taa."

"Na nini kingine?"

"Ulikuwa umefurahi."

Nikafuta mistari saba. Kibwana, wewe unapenda sana maneno yako, nimekuona. Tafuta mtu wa kukaanga maandazi.

Baadaye nikaacha kubeba mizigo, nikawa mtu wa maneno tu. Nikawa natungia maduka ya Korogwe na ya Handeni, maneno yanasomwa kwenye gari lenye spika, gari linapita vijijini. Huko nikajifunza la tatu. Watu wa Handeni hawaliamini gari. Gari linakuja linapiga kelele linaondoka. Wanamwamini mtu wanayemjua, hasa mtu mkorofi, mgumu kuridhika. Basi kila tangazo langu nikaliwekea shahidi wa kijiji husika. La majembe nililipeleka Kwedizinga hivi: "Muulizeni Mzee Kombo, aliyerudisha majembe matatu dukani. La nne hajalirudisha!" Kabla sijalitangaza nilikwenda shambani kwake nikamwuliza.

"Kwa hiyo unanitangaza mimi mkorofi?" akasema.

"Ndiyo mzee."

"Vizuri. Litaje na jina la baba yangu."

Hiyo ndiyo ilikuwa njia yangu, wengine wakaiiga: unamwendea shahidi, anakitumia kitu mbele yako, unamwomba jina lake. Jina la mtu unaliomba kama unavyoomba kuingia nyumbani kwake.

Kwamsisi shahidi wangu alikuwa Bi Mngaza. Huyu alikuwa mama wa makamo wakati ule, mkulima, mkavu. Kijiji kizima kilipanda mahindi kwa kumtazama yeye. Akitoka na jembe wanatoka, akisema mvua hii bado wanakaa. Mbegu yake aliitunza kizamani, mahindi bora yananing'inizwa juu ya jiko yapate moshi, wadudu wasiguse. Alinunua ndoo yetu ya mbuzi, na maneno aliyonipa nayakumbuka: "Kwa ndoo, nitaje. Kwa kitu kingine uje uniulize." Alikuwa akinitania eti sisi Wasambaa tunateremka mlimani na maneno matamu. Nikawa namwambia, bibi, mimi wa Kerenge, tambarare kama huku. Anasema maneno yanateremka hata hivyo.

Sasa nifike kwa Zuberi Mkomwa. Mnajua namsema nani, maana bado yupo, anauza vitanda. Wakati ule alikuwa na duka la pembejeo Handeni mjini, na gari la matangazo lilikuwa lake. Alikuja Korogwe masika yameanza kudondoka, kavaa kanzu safi, akaniletea habari ya mbegu mpya ya mahindi, nyekundu ya kupendeza, kama zile zinazotiwa dawa.

"Hemedi, hii inakomaa mapema na inabeba mahindi mawili mawili. Nataka maneno yako Kwamsisi na vijiji vya jirani. Kesho."

"Nifungulie mfuko nione."

"Imeshonwa kiwandani, ukiifungua inaharibika. Hivi huniamini?"

"Shahidi je?"

"Bi Mngaza ameshachukua. Nimempelekea mwenyewe kwa mkono wangu."

Sikwenda kumwuliza. Naliandika hili kwa kalamu nzito mlione. Kwamsisi ni mbali, njia ilikuwa tope, mvua imeshashuka, na moyo wangu ulikuwa umewaka. Maneno yalikuwa yanakuja yenyewe! Nilitunga lile tangazo kabla chai haijapoa, na wallahi halijatokea tamu kama hilo kabla wala baada: "Mvua imebisha hodi, wewe unafungua na nini? Bi Mngaza wa Kwamsisi, asiyedanganywa na mtu, amechagua mbegu nyekundu!"

Nikamsomea Bi Mwanahawa. Karai likaisha. Akalirudia lote, neno kwa neno, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Halafu akaniuliza:

"Umeiotesha?"

"Hakuna muda mama, watu wanapanda leo."

"Kitambaa na maji ni siku nne."

"Siku nne wenzangu watanitangulia."

Akafuta mikono. "Nimelikumbuka lote, mwanangu. Ndiyo maana naogopa."

Nikacheka. Gari la Zuberi likaenda na maneno yangu.

Bi Mngaza hakuwepo kijijini siku hiyo. Alikuwa Kwedizinga kwa binti yake aliyejifungua. Watu wakasikia jina lake likitoka kwenye spika, na mwenyewe hayupo wa kulikana. Wakanunua mbegu kwenye gari palepale, wakapanda.

Kama siku kumi baadaye kijana mmoja wa bodaboda wa Kwamsisi alinikuta stendi. "Mzee wa matangazo," akasema, "mahindi yako hayajaota." Alisema mahindi yako. Nikapanda pikipiki yake hiyohiyo.

Shamba baada ya shamba, ardhi nyeusi, imelowa, mistari imepangwa vizuri, hakuna kitu. Hapa kimechomoza kimoja cha manjano, kule kimoja. Watu wamesimama kwenye mashamba yao wakinitazama. Nikaenda kwa Bi Mngaza. Shamba lake peke yake lilikuwa na kijani. Alikuwa barazani, amekaa kwenye kigoda, na kigoda cha pili kiko tupu pembeni yake.

"Shikamoo bibi."

Hakuitika. Akaniacha nimesimama juani, na kigoda nakiona.

"Mimi nilichukua mbegu ya Zuberi?" akauliza.

"Aliniambia umechukua."

"Nakuuliza wewe. Mimi nilichukua?"

"Hapana bibi."

"Nimerudi kutoka kwa binti yangu nimekuta kijiji kimepanda uchafu kwa jina langu. Unaona pale juu?" Akanionyesha ndani, kwenye dari ya jikoni, mahindi yamening'inia meusi kwa moshi. "Ile ya kupanda kijiji hiki tena iko pale. Nimewaambia waje wachukue, wafukue wapande upya. Hawaji. Wanasema mimi mwenzio. Wanasema nimelipwa."

"Nitawaambia bibi, nitapita nyumba moja moja."

"Utapita nyumba ngapi? Mvua hii ina wiki moja ya kupandia, labda na siku mbili. Baada ya hapo hata mbegu ya peponi haikomai. Jina langu ulilichukua kwa spika. Lirudishe kwa spika."

Hapo ndipo kazi yangu yote ilipokuja kusimama, vijana wangu. Wiki moja. Asipoaminika Bi Mngaza, mbegu nzuri inabaki juu ya jiko na kijiji kinalala njaa mwaka mzima.

Nikaomba kwa mtu mfuko wa Zuberi uliobaki, nikauchukua. Kisimani nikamwaga punje kwenye karai la maji, nikasugua kwa mkono. Maji yakawa mekundu kama ya nguo mpya. Punje zikabaki nyeupe, za kusaga ugali, zimetobolewa na wadudu. Aliyezipaka rangi ni Mashaka Tindo, shemeji yake Zuberi, fundi wa kupaka nyumba. Aliniambia mwenyewe baadaye, eti alidhani ni za kuku.

Nikapita Handeni kwa Zuberi. Nilimwekea punje mezani.

"Zimelowa," akasema, hata hakuzishika. "Hali ya hewa hiyo."

"Rangi imebaki kwenye karai la watu."

"Hemedi, ukinitaja nakupeleka mahakamani. Na gari langu hulipandi tena. Halafu sikiliza, mimi sikuongea hata neno moja Kwamsisi. Aliyeongea ni wewe."

Maneno hayo yamenikaa kooni mpaka leo kwa sababu ni ya kweli. Mbaya wangu ndiye aliyeniambia ukweli wangu.

Nikafika Korogwe jioni, nikakaa kwenye benchi la Bi Mwanahawa na daftari hili la juu. Nikaandika, nikamsomea: "Ndugu wananchi wa Kwamsisi, kutokana na changamoto zilizojitokeza katika mbegu, mnashauriwa kupanda upya." Akakaanga karai lake.

"Nilisema nini mama?"

"Changamoto."

"Na nini kingine?"

"Basi. Huyo Changamoto ni nani? Ndiye aliyeleta mbegu?"

"Siyo mtu, mama."

"Nionyeshe ilipoandikwa." Nikamwonyesha. Akaweka kidole chake chenye mafuta juu ya lile neno, akasugua mpaka karatasi ikawa inapitisha mwanga. "Nimelifuta. Sasa weka watu."

Doa ndilo hilo. Na ndiyo maana nataja majina mpaka leo, watu wakiniita mwenye kinyongo. Kinyongo ninacho, sikatai. Ila majina nilifundishwa na muuza maandazi.

Nikaandika upya. Lilitoka fupi, baya, halina mdundo. Nikamsomea, karai likaisha, akalirudia lote. Safari hii hakusema anaogopa.

Gari sina. Mzee Jayanti akasikia, akatoka na spika yake ya mkono, ile anayoita nayo makuli, ambayo baadaye alinipa iwe yangu. Akaniwekea betri mpya.

"Mzee, wakiniua huko?"

"Spika uirudishe kwanza," akasema. Halafu akaushika mkono wangu pamoja na spika.

Asubuhi nilikuwa kisimani Kwamsisi, saa ya wanawake kuteka maji na wanaume kupita na majembe yasiyo na kazi. Nikaipiga spika kofi, ikaitika. Kwanza sauti tu: "Huyu tena!" Halafu kicheko. Halafu mtu akasema, "Leo katuletea mbegu ya bluu!" Nikafungua daftari. Jiwe likaja, sikuliona, nikasikia tu joto juu ya jicho na ukurasa ukaanza kudondokewa na damu. Nikasoma:

"Mbegu nyekundu haioti. Aliyeileta ni Zuberi Mkomwa. Aliyeisifia ni mimi, Hemedi Shekwavi, na sikuijaribu. Bi Mngaza hakuichukua. Jina lake nililichukua bila kumwuliza, nimekuja kulirudisha. Fukueni. Mbegu inayoota iko jikoni kwake. Pandeni leo."

Halafu mwanamke mmoja akatua ndoo yake, ndoo yangu ile ya mbuzi, akasema:

"Rudia."

Jamani! Mtunzi wa matangazo anaishi maisha yake yote anasubiri neno hilo. Nikarudia. Wakaita wengine, nikarudia tena, damu inanipofua jicho moja, sauti inakatika, na mwili mzima unanisisimka kama wa mtoto wa sikukuu. Mwanamke yule akaleta mbegu iliyobaki kwake, akaiosha palepale mbele ya watu. Maji yalipokuwa mekundu walianza kuondoka tu, mmoja mmoja, kuelekea kwa Bi Mngaza, halafu haraka haraka, halafu wanakimbia! Nilimwona mzee mzima anakimbia na fimbo yake kwapani.

Bi Mngaza alikuwa ameshateremsha mahindi. Anapukuchua, anapima kwa mfuniko wa ndoo, anagawa, hamwulizi mtu alisema nini juu yake wiki iliyopita. Siku hiyo Kwamsisi yalisikika majembe kila upande mpaka jua lilipozama. Nami nililima, na jicho langu limefungwa kwa kipande cha kanga cha mtu nisiyemjua. Aliyerusha jiwe sikuambiwa ni nani, na huyo ndiye mtu pekee katika habari hii ambaye sikutaka kumjua.

Nilipokwenda kumuaga Bi Mngaza alikuwa anafagia maganda.

"Limerudi," akasema. "Sasa usilitaje tena."

Mvua ilikata mapema kidogo. Walivuna, siyo sana, ila walivuna. Zuberi hakunishtaki na hakushtakiwa. Mbegu aliacha, akaingia kwenye vitanda, na kwenye bango lake ameandika BORA, neno la yule wa Tanga. Kuhusu vitanda vyake nawashauri mpeleke mbuzi.

Mimi nikaendelea na kazi. Watu wanashangaa nilivyoendelea. Nilipoteza maduka, kwa muda mrefu nikaandika mabango ya vyoo vya stendi tu. Lakini vijiji vilinirudia kabla ya maduka, maana ile habari ilitembea: yule Msambaa anajitaja mwenyewe. Na tangu siku ile, matangazo yote yaliyomo kwenye madaftari haya, hamtalikuta jina la Bi Mngaza. Nilitangaza Kwamsisi miaka na miaka bila shahidi wa Kwamsisi. Ilikuwa kazi ngumu, na ilikuwa haki yangu.

Kwa hiyo mkiniuliza sifa, ile ya kwanza kabisa ni aibu. Bwana wa koti hakuiandika ubaoni. Sikio unaweza kulizoeza, mkono wa kufuta unaweza kuuzoeza, nilizoezwa mimi kuli. Mtu asiyeona aibu anatunga vizuri tu, tena vizuri kunishinda, kwa masika moja.

Nilipoamua kuwaandikia haya nikakwama. Habari haiendi bila jina lake. Wiki iliyopita nikapanda pikipiki mpaka Kwamsisi, mimi na daftari. Bi Mngaza amezeeka, macho yamepungua, ulimi mzima. Nyumba imejaa wajukuu, vigoda vyote vimekaliwa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Ni yule wa maneno?"

"Ndiye mimi. Nimestaafu. Nimekuja kukuuliza kitu."

"Safari hii umekuja kuuliza."

Nikamsomea yote, tangu mbuzi mpaka vitanda. Alicheka kwenye mbuzi. Kwenye kigoda hakucheka. Nilipomaliza akasikiliza kuku, nikajua nasubiri karai.

"Niweke," akasema. "Na lile la kukuacha juani usilifute. Ulistahili."

"Sitalifuta bibi."

"Na leo uandike nimekukalisha wapi."

Naandika. Vigoda vilikuwa vimejaa, akamwita mjukuu wake alete kitu kutoka jikoni. Nimekaa juu ya ndoo ya Mzee Jayanti, rangi imekwisha yote, ndani imejaa mbegu ya masika yanayokuja, na mfuniko umefunga.